Mchanga Mweusi Umetoka Wapi? Utangulizi wa Elimu ya Madini Mazito

Kwenye mialo ya Rwamgasa, mkoani Geita, kuna kitu kinachotupwa kutwa nzima bila mtu kuuliza habari zake. Mawe yakishatoka kwenye karasha yakiwa unga, huteremshwa kwa maji juu ya ubao ulioinamishwa na kutandikwa magunia. Kilichonasa kwenye magunia husuuzwa ndani ya karai, kisha muoshaji huchuchumaa dimbwini na kuanza kuzungusha. Udongo huondoka kwanza, halafu mchanga mweupe, na mwishoni hubaki ukingoni mwa karai mkia mwembamba wa mchanga mweusi unaometameta. Ndani ya mkia huo, riziki ikiwepo, ndimo zilimo chembe za njano. Zebaki hutiwa, dhahabu hukamatwa, na ule weusi humwagwa kwenye rundo la marudio, yaani mabaki ya uoshaji.

Utangulizi huu unahusu huo weusi. Nimeuandika kwa ajili ya mwanafunzi anayeanza jiolojia, kwa mwalimu wa sekondari anayetafuta somo la kuwatoa wanafunzi nje ya darasa, na kwa mchimbaji mdogo ambaye amezungusha karai miaka mingi na ana haki ya kujua kwamba nusu ya kazi ya wataalamu wa maabara anaifanya kila asubuhi. Swali letu ni moja: ukipewa gao la mchanga, wa ufukweni au wa mtoni, utajuaje umetoka kwenye miamba ipi?

Sehemu kubwa ya mchanga wowote ni kwatzi na feldispa. Kwatzi ina uzito wa gramu 2.65 kwa kila sentimita moja ya ujazo, na feldispa haziko mbali na hapo. Wataalamu wameweka mpaka kwenye gramu 2.9 hivi: kila punje inayozama kwenye kimiminika chenye uzito huo huhesabiwa kuwa miongoni mwa madini mazito. Tomalini ipo karibu na 3.1, ganeti kati ya 3.5 na 4.3, zirkoni 4.6 hivi, ilmenaiti 4.7, magnetaiti 5.2. Dhahabu safi iko peke yake kule juu, 19.3. Kwenye mchanga wa kawaida madini haya mara nyingi hayafiki hata asilimia moja ya jumla, na ndiyo maana mtu anaweza kutembea ufukweni maisha yake yote asiyaone, isipokuwa siku ile mawimbi makali yanapochukua mchanga mwepesi na kuacha mistari myeusi juu ya fukwe.

Kwa nini tuhangaike na asilimia moja na kuacha tisini na tisa? Kwa sababu kwatzi iko kila mahali. Punje ya kwatzi kutoka mlima wa Uluguru na nyingine kutoka kilima cha Geita zikiwekwa pamoja, kwa macho hazina tofauti ya maana. Madini mazito yana asili finyu zaidi. Kayanaiti huzaliwa kwenye miamba iliyokandamizwa sana na kupata moto chini ya milima. Bati hutoka kwenye graniti za aina maalumu, kama zile zilizowapa watu wa Kyerwa, Kagera, machimbo yao. Ganeti nyekundu iliyokolea kwa kromu hutoka kwenye kina kirefu mno, ndani ya koti la dunia, ikibebwa na miamba inayobeba almasi. Kila kundi la miamba hutoa mchanganyiko wake.

Mfano wa almasi ni wa nyumbani kwetu kabisa, kwa hiyo tuupe nafasi. Mwaka 1940 mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua bomba la kimbalaiti (mwamba unaobeba almasi) la Mwadui, Shinyanga, ambalo kwa eneo lake la hekta 146 hivi ni miongoni mwa makubwa kabisa duniani. Almasi zenyewe ni chache mno kwenye mwamba, hivyo anayezitafuta kwa kutegemea kuziona atazeeka kabla ya kufika. Kwa hiyo watafutaji hufuata wasindikizaji wake: ganeti za kromu, ilmenaiti yenye magnesi nyingi, na dayopsaidi ya kijani kibichi. Huchota mashapo ya kijito, huyaosha, huhesabu wasindikizaji, hupanda kijito mita mia kadhaa, huchota tena. Hesabu ikipanda, unakaribia. Ikikatika ghafla, umeshapita, rudi nyuma. Nchi tambarare ya Usukuma, iliyofunikwa mbuga na udongo mzito, haimpi mtu mwamba wa kutazama. Inampa vijito na mchanga wake basi. Ndiyo maana kazi ya aina hii ilipata makao Shinyanga mapema kuliko sehemu nyingi za nchi.

Elimu yenyewe ni ya zamani kidogo. Wataliano na Wajerumani walikuwa wakihesabu punje nzito za mito yao tangu mwisho wa karne ya 19. Ettore Artini aliipitia michanga ya mto Po kwa namna hiyo. Waingereza wa enzi za mafuta wakaifanya kazi ya ofisini, hasa baada ya Henry Milner kutoa kitabu chake cha petrografia ya mashapo mwaka 1922. Lakini tukio linaloonyesha nguvu ya fani hii kuliko yote halikuhusu mafuta wala dhahabu.

Kati ya Novemba 1944 na Aprili 1945, Japani ilirusha maputo ya karatasi zaidi ya 9,000 yenye mabomu, yavuke bahari ya Pasifiki kwa upepo wa juu na kuangukia Amerika Kaskazini. Kila puto lilibeba vifuko vya mchanga vilivyokuwa vikidondoshwa vyenyewe ili lisishuke. Vifuko vichache viliokotwa. Wanajiolojia wa kitengo cha kijeshi cha Taasisi ya Jiolojia ya Marekani wakaulizwa mchanga huo ni wa wapi. Hawakukuta vipande vya matumbawe, wakaondoa fukwe za kusini zenye matumbawe. Walikuta hiperstheni kwa wingi, madini ya miamba ya volkano, pamoja na magamba ya viumbe wadogo wa baharini. Wakabaki na fukwe chache za pwani ya mashariki ya kisiwa cha Honshu, na mojawapo, Ichinomiya, ilikuwa kweli kituo cha kurushia maputo.

Hadithi hii hupendwa sana darasani, ila wasimuliaji wengi huruka sehemu iliyo muhimu. Wamarekani wale hawakuwa wamefika kwenye fukwe hizo. Waliweza kulinganisha kwa sababu wanajiolojia wa Japani, kabla ya vita, walikuwa wameshazichambua fukwe zao na kuchapisha majedwali ya madini yake. Bila majedwali yale, mchanga wa kwenye vifuko ungebaki mchanga tu. Nitarudi kwenye jambo hili mwishoni, kwa kuwa linatugusa.

Sasa tuingie maabara. Unachukua sampuli, unaosha udongo, unachekecha. Kwa kawaida tunabakiza punje zenye kipenyo kati ya sehemu 63 na 250 za elfu ya milimita. Kubwa zaidi ya hapo hazitazamiki vizuri kwenye hadubini, na ndogo zaidi huwa vumbi. Kama mchanga ni wa pwani, unaondoa vipande vya kombe na matumbawe kwa asidi ya siki iliyochanganywa na maji mengi. Usikimbilie asidi kali ya haidrokloriki, maana itakula na apataiti, nawe utaandika kwenye ripoti kwamba apataiti haikuwepo. Halafu unamimina mchanga mkavu kwenye funeli yenye kimiminika kizito. Walimu wetu walitumia bromofomu, kimiminika cha sumu chenye harufu tamu. Siku hizi tunatumia chumvi ya tangisteni iliyoyeyushwa kwenye maji, ambayo haidhuru sana na inaweza kusafishwa na kutumiwa tena. Kwatzi inaelea juu. Mazito yanashuka polepole hadi shingoni mwa funeli kama utepe mweusi. Unafungua koki, unayapokea kwenye karatasi ya chujio, unayasuuza, unayakausha, unapitisha sumaku ili kutoa magnetaiti. Kinachobaki kinagandishwa kwenye kioo.

Hapo ndipo raha ya kazi hii inapoanza, na mwanafunzi ambaye hakuvutiwa na funeli mara nyingi huvutiwa hapa. Zirkoni inaonekana kama kijiti kifupi kisicho na rangi, chenye kingo nene nyeusi kana kwamba imechorwa kwa wino, kwa jinsi inavyopinda mwanga. Ukifunga vichujio viwili vya mwanga inawaka rangi kali za waridi na kijani. Ganeti hufanya kinyume: waridi hafifu mwanga ukiwa wazi, vichujio vikifungwa inazimika, na hata ukizungusha meza ya hadubini duara zima inabaki giza. Tomalini unaijua kwa kuizungusha tu. Kahawia nyepesi inageuka nyeusi kabisa ndani ya robo mzunguko, kisha inarudi. Rutili ina wekundu mzito wa damu ya mzee. Storolaiti ina njano ya asali, epidoti ina njano inayoelekea kijani, na kayanaiti imekaa kama kibao kilichokatwa ngazi ngazi. Unahesabu punje 200 hadi 300 kwa kila kioo, mstari kwa mstari, bila kuchagua zile unazozipenda. Siku ya kwanza kioo kimoja kitakuchukua nusu siku.

Umeshahesabu. Una jedwali la asilimia. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Maji hayabebi punje kwa jina la madini, hubeba kwa jinsi zinavyozama. Mwaka 1933 William Rubey wa Marekani alieleza kwa hesabu jambo ambalo muoshaji wa Rwamgasa analijua kwa mikono: punje ndogo nzito na punje kubwa nyepesi hutua pamoja. Kwenye maji yaliyotulia, punje ya zirkoni yenye theluthi mbili tu ya kipenyo cha punje ya kwatzi itashuka nayo sawasawa. Ya dhahabu inahitaji chini kidogo ya theluthi moja. (Nazungumzia punje za duara. Dhahabu iliyopondwa ikawa bapa husafiri na maji kama jani, na kila mchimbaji ameshaiona ikimtoroka hivyo.) Sasa chukua ufuko mmoja. Sampuli ya kwanza umeitoa kwenye mstari mweusi wa juu, ya pili hatua kumi chini, kwenye mchanga mweupe. Ya kwanza imejaa ilmenaiti na zirkoni, ya pili ina honiblendi na epidoti. Mgeni atasema hizi ni asili mbili. Kumbe ni asili moja iliyochambuliwa na wimbi la jana usiku.

Dawa yake ni kulinganisha madini yanayozama kwa namna moja. Andrew Morton na Claire Hallsworth walipendekeza mwaka 1994 tuache kutegemea asilimia za jumla, badala yake tuangalie uwiano wa jozi: apataiti dhidi ya tomalini, rutili dhidi ya zirkoni, ganeti dhidi ya zirkoni, monazaiti dhidi ya zirkoni. Rutili na zirkoni zina uzito unaokaribiana, na zote mbili ni sugu. Zikipungua hupungua pamoja, hivyo uwiano wake unabaki ule uliotoka nao mlimani. Kwa maoni yangu hili ndilo wazo moja la fani hii ambalo mtu akilishika vizuri, mengine atajisomea mwenyewe.

Tatizo la pili ni jua letu na mvua zetu. Vitabu vingi vya fani hii viliandikwa kwenye nchi za baridi, ambako jiwe likivunjika hufika baharini karibu jinsi lilivyo. Kwetu, punje ya olivini au pairoksini inaweza kuoza ikiwa bado kwenye udongo wa kilimani, kabla haijauona mto. Apataiti huyeyuka kwenye udongo wenye tindikali. Honiblendi huchakaa ikawa na meno kama msumeno, na ukiiona hivyo kwenye hadubini ujue imekaa sana kwenye udongo. Zinazobaki ni zirkoni, tomalini na rutili, ambazo John Hubert alizifanya kipimo mwaka 1962: kadiri utatu huo unavyotawala, ndivyo mchanga ulivyokomaa. Kwa Afrika Mashariki kipimo hiki kinahitaji tahadhari. Mchanga wenye utatu huo mwingi huenda umezunguka dunia mara mbili, na huenda umekaa tu chini ya changarawe nyekundu ya kilima kimoja kwa muda mrefu sana.

Tuone basi Rwamgasa yenyewe ingetoa nini. Kijiji kipo juu ya miamba ya kijani ya Usukuma, sehemu ya ile tunayoiita Nyanzia, iliyo ndani ya kratoni ya Tanzania (kiini kikongwe cha bara) na yenye umri wa miaka bilioni 2.6 hadi 2.8 hivi. Ni lava za kale zilizogeuzwa, pamoja na mawe ya chuma yenye mistari yanayofanya vilima vya Geita, na graniti zilizopenya katikati. Dhahabu imo kwenye mikanda iliyokatika na mishipa ya kwatzi. Mchanga wa hapa utegemee uwe na magnetaiti nyingi kutoka mawe ya chuma, honiblendi na epidoti kutoka miamba ya kijani, zirkoni kutoka graniti. Usitegemee kayanaiti nyingi. Ukiikuta, uliza mchanga umepita wapi. Kayanaiti na ganeti za kutosha ni mambo ya mashariki, kwenye gneisi za Ukanda wa Msumbiji zinazoanzia Morogoro na Tanga kwenda juu na chini.

Maji ya Rwamgasa yana safari ya ajabu. Ungetarajia yateremke Ziwa Victoria, kwa kuwa ziwa liko karibu. Vijito vya upande wa kaskazini wa vilima vya Geita huenda huko kweli, kuelekea ghuba ya Nungwe (msomaji wa pwani asiichanganye na Nungwi ya Unguja, ambako fukwe nyeupe ni matumbawe na kombe, na mtafuta madini mazito hurudi karibu mikono mitupu). Lakini Rwamgasa iko upande wa pili wa mgongo. Maji yake hushika mto Isingile, huingia Nikonga, hupotea kwenye madimbwi makubwa ya Moyowosi na Malagarasi, na hatimaye huingia Ziwa Tanganyika. Victoria hutoa maji yake kwa Nile hadi Bahari ya Kati. Tanganyika, kupitia Lukuga, huyapeleka Kongo na Atlantiki. Ndani ya wilaya moja, tone moja linaelekea Misri na jingine linaelekea Matadi.

Maji yanafika. Mchanga haufiki. Madimbwi ya Malagarasi hupunguza kasi ya mto, na punje nzito ndizo za kwanza kukaa chini. Kwa hiyo mchanga wa delta ya Malagarasi, kusini mwa Kigoma, tutarajie utokane zaidi na miamba ambayo mto umeikata baada ya kutoka madimbwini. Ukitaka kujua mashapo ya Rwamgasa yamefika wapi, fuata mto kutoka juu, usianzie ziwani. Tena usidhani mito hii imekuwa hivi tangu zamani. Kagera na Katonga zilikuwa zikitiririka kwenda magharibi hadi nchi ya upande huo ilipoinuka, zikageuka, na Ziwa Victoria likazaliwa. Ziwa lenyewe lilikauka na kujaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita. Mchanga wa ufuko wa leo huenda uliletwa na mto ambao siku hizi unakwenda kinyume.

Tuteremke pwani, kwa sababu huko swali la asili ya mchanga wa fukwe ni gumu zaidi. Chukua mchanga kutoka upande wa Mafia unaotazamana na delta ya Rufiji, toa zirkoni, pima umri wake. Zirkoni ikizaliwa hupokea urani na kukataa risasi. Urani hugeuka risasi kwa mwendo unaojulikana, nusu ya urani 238 ikiisha kila baada ya miaka bilioni 4.47. Mashine ya leza leo huweza kupima punje mia kwa siku. Sema umepata punje kadhaa za miaka bilioni 2.6. Je, zimetoka kratoni, kule bara? Huenda, kwa kuwa Ruaha Mkuu huchota baadhi ya maji yake pembezoni mwa kratoni. Ila kuna njia nyingine mbili. Mawe ya mchanga ya Karuu yaliyo ndani ya bonde la Rufiji yaliundwa na mchanga wa zamani zaidi, nao ulikuwa na zirkoni zake tayari. Na gneisi za Ukanda wa Msumbiji, zilizopikwa miaka milioni 650 hadi 550 iliyopita, sehemu zake ni miamba mikongwe iliyopikwa upya. Sospeter Muhongo, profesa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kuwa waziri wa nishati na madini, pamoja na wenzake, ni miongoni mwa waliopima zirkoni za miamba hiyo. Umri peke yake, basi, hautoshi. Unatakiwa uangalie ukingo wa punje kama una tabaka jipya la wakati wa upishi wa pili, na urudi kwenye jedwali la zamani: kuna kayanaiti? Kuna ganeti kiasi gani dhidi ya zirkoni? Mashine ya leza haikuifuta hadubini, na wanaodhani hivyo huniletea tasnifu nzuri za namba zisizo na mto.

Pia mkono wa binadamu umeingia. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na kuanzia hapo mchanga wa juu wa Rufiji una mahali pa kulala kabla ya delta. Mtu atakayechota sampuli Mafia miaka hamsini ijayo atauliza kwa nini mchanganyiko umebadilika. Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, uchimbaji wa mchanga wa kujengea kwenye vijito umetajwa kwa miaka mingi miongoni mwa sababu za ufuko kuliwa. Mchanga uliokuwa uende ufukweni umeingia kwenye matofali ya Tegeta na Mbezi. Na Rwamgasa, makarasha hupokea mawe kutoka mashimo mbalimbali, yanasagwa pamoja, marudio yanauzwa na kusafirishwa kwenda kuchenjuliwa upya kwa sayanidi. Rundo la marudio lina asili nyingi kiasi kwamba halina asili.

Zebaki, kwa bahati mbaya, imekuwa alama yetu nyingine. Ina uzito wa gramu 13.5, huzama pamoja na punje nzito, na haikutoka kwenye mwamba wa pale. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005, ulioshirikisha wataalamu wa Uingereza na wa Tanzania chini ya mradi wa kimataifa wa zebaki, ulifuata metali hiyo ya majimaji kwenye mashapo ya Rwamgasa na mto Isingile, pamoja na udongo na samaki. Mbinu ni ileile ya watafuta almasi: chota, pima, sogea, chota tena. Tofauti ni kwamba safari hii waliteremka na mto badala ya kuupanda, na chanzo kilijulikana tangu mwanzo.

Kuna na fedha. Kwale, Kenya, kuanzia mwishoni mwa 2013 hadi Desemba 2024 mgodi ulichimba michanga ya kale iliyo nyuma ya pwani ya leo na kutoa ilmenaiti, rutili na zirkoni, ambazo dunia huzitumia kwa rangi nyeupe na vigae. Upande wa Tanzania, Fungoni karibu na Dar es Salaam na Tajiri mkoani Tanga ni majina yanayosikika kwenye habari za aina hiyohiyo. Nasema kwa ufupi, maana vitabu vya uchumi wa madini vinaeleza vizuri kuliko mimi. Nitaongeza tu kwamba anayejua punje zilitoka wapi ndiye anayejua ufuko gani mwingine unafaa kutafutwa, na kijiji kinachojua kilichomo mchangani hakiingii mezani kikiwa mikono mitupu.

Sasa nirudi kwa wale Wajapani na majedwali yao. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na cha Dodoma vinafundisha jiolojia; Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iko Dodoma; Taasisi ya Sayansi za Bahari iko Unguja; Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) limeweka kituo cha mfano cha uchenjuaji Rwamgasa penyewe. Watu tunao. Tunachohitaji ni majedwali, mto kwa mto: Isingile una nini, Nikonga una nini, Wami, Ruvu, Pangani, Ruvuma, kila mmoja juu na chini ya kila makutano, kiangazi na masika. Kazi hii haihitaji leza. Inahitaji karai, chekeche, sumaku, mifuko safi na mtu mwaminifu wa kuandika.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usisubiri umalize vitabu ndipo uanze. Nenda kwenye kijito kilicho karibu nawe, chini ya kijiji na juu ya kijiji. Chota mahali maji yanapopunguza kasi, ndani ya mkunjo wa mto, kina cha kiganja, kwa kuwa mchanga wa juu kabisa ni wa mvua ya juzi. Osha hadi ubaki na weusi, lakini usiuoshe mno, maana tomalini na epidoti ni nyepesi kuliko magnetaiti na zitakimbia kwanza. Usitumie karai lililowahi kuguswa na zebaki. Pitisha sumaku juu ya karatasi na uweke kando kilichoruka. Andika kwa penseli, ndani ya mfuko na nje ya mfuko: jina la mto, mahali, tarehe, kina, jina lako, na kama kuna karasha au machimbo ya mchanga juu yako. Sampuli isiyo na maandishi hayo mwalimu wako ataitupa, na atakuwa na haki.